Mlima wa Tinleni na Watu Walioapa Hawana Kitu

Katika nchi ya Hindi, upande wa bara ambako udongo ni mweusi na mawe ni meusi kuliko udongo, palikuwa na mji uitwao Shamsigiri, wenye malango saba na ndovu mia nne, na aliyeutawala ni Sultani Bahramani mwana wa Sikandari, mtu wa haki kwa kadiri watawala wanavyoweza kuwa watu wa haki, maana alipenda mno kusifiwa kwa uadilifu, na mwenye kupenda sifa ya jambo huenda siku moja akalitenda.

Na mwendo wa nusu siku kutoka mjini palikuwa na mlima uitwao Tinleni, na ndani yake mlikuwa na mahekalu ambayo hayakujengwa bali yalichongwa, nguzo na dari na ngazi na masanamu, vyote jiwe moja na mlima wenyewe. Kusini walikaa watawa wa Kibudha, na ukumbi wao ulikuwa mrefu, dari yake imechongwa mbavu mbavu kama kifua cha ndovu, na mwisho wa ukumbi Buda ameketi kimya. Katikati walikaa Wahindu, masanyasi, yaani watawa wa Shiva, na Shiva wao alikuwa akicheza kwa mikono minane na popo wakining'inia vidoleni mwake. Kaskazini walikaa Wajaini, wanaofagia njia mbele ya nyayo zao wasije wakamkanyaga sisimizi, na watakatifu wao wa mawe walikuwa wamesimama uchi katika tafakuri kwa muda mrefu hata mimea ya mawe ikawapanda miguuni. Na birika la maji lilikuwa moja, limechongwa katikati ya wote, na wote walichota humo tangu enzi asizozikumbuka mtu.

Na makundi yote matatu yalikuwa na mambo mawili sawasawa. La kwanza, kila mmoja wao aliapa siku ya kuingia utawani kwamba hatamiliki kitu duniani ila bakuli, vazi na ufagio, na wengine hata vazi hawakuwa nalo. La pili, miezi minane ya mwaka walitembea nchi kwa nchi wakiomba chakula, wasilale mahali pamoja siku nyingi, lakini miezi minne ya mvua walikuwa wamefungwa kwa nadhiri wakae mahali pamoja, kwa kuwa mvua huamsha wadudu na miche, na mwenye kutembea huua asichokiona. Basi mlima ule ulikuwa ndio paa lao la mvua, na paa jingine hawakuwa nalo.

Ikatokea mwaka mmoja mvua zikawa haba, na birika likashuka hata ikaonekana ngazi ya kumi na mbili, ambayo hapakuwa na mtu hai aliyepata kuiona. Watawa wakaanza kugombea nani achote kwanza asubuhi, na ugomvi wa nani achote kwanza ukawa ugomvi wa nani alikuja kwanza, na wazee wa makundi yote matatu wakafanya kosa ambalo mkulima asingelifanya, wala muuza mboga: wakaenda kwa Sultani, watu wasiomiliki hata kijiko, kila mmoja akaapa mbele ya kiti cha enzi kwamba mlima ni wake.

Sasa palikuwa na waziri aitwaye Fakhrulmuluki, na huyu kwa miaka mingi aliutamani mlima ule kwa ajili ya ndovu wa vita, ambao wakati wa joto walikuwa wakifa mazizini kama kuku, na kumbi za Tinleni zilikuwa baridi mchana kutwa. Akainama sikioni mwa Sultani, akamwambia kwamba uadilifu unataka mlima upewe waliotangulia na wengine watoke kabla ya mvua, na moyoni alijua fika kwamba hakuna atakayethibitisha kutangulia, na kisichothibitika hubaki mikononi mwa mwenye jeshi. Sultani akaona ni hukumu nzuri, itakayosimuliwa, akaipiga muhuri.

Akaitwa shahidi. Naye alikuwa Tukoji mwana wa Ranoji, fundi mkuu wa wachonga mawe, ambao baba zao na babu zao waliwachongea Wabudha na Wahindu na Wajaini bila kubagua. Tukoji alikuwa mtu wa miaka thelathini na mitano, hakuoa, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali na hakujua kuufunga, na hakuna aliyemfundisha kusoma ila yeye mwenyewe, kwa kufuata kwa kidole maandishi ya milangoni mwa mapango. Sultani akamtaka aseme, kwa haki ya kazi yake, nani alitangulia.

"Bwana wangu," akasema Tukoji, "sijui. Na hawa watatu walioapa hawajui vilevile, ila wao wameona haya kusema."

Mzee wa Kihindu, ambaye ndiye aliyempa Tukoji jina siku ya saba ya kuzaliwa kwake, akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chungu. Sultani hakukasirika, lakini hukumu yake nzuri ilikuwa karibu kuharibika, na waziri akasema kwamba fundi asiyejua jiwe lake ni mwizi wa ujira. Basi akapewa siku arobaini aujue ukweli wa mlima ule, na akishindwa, au akisema uongo, akatwe mkono wa kuume. Na siku ya arobaini na moja, kwa hesabu ya wanajimu, ndiyo ingekuwa siku ya mvua.

Tukoji akarudi mlimani, akachagua mahali nyuma ya birika ambapo migongo ya mapango matatu inakutana, kwa kuwa huko hapajachongwa bado, na kama waliotangulia waliacha alama imefichwa huko, akaanza kazi. Na wachonga mawe wa Tinleni hawaanzi chini kama waashi. Huanza juu, wakachonga dari kwanza, kisha nguzo zikishuka, na sakafu huwa ya mwisho, maana hakuna jukwaa la kusimamia ila jiwe lenyewe. Tena mwashi akikosea huweka tofali jingine, lakini hapa ulichokitoa hakirudi. Kwa hiyo huenda polepole, na Tukoji hakuwa na wakati wa kwenda polepole.

Wazee wakamjia mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Wa Kibudha alimpelekea wali wa maziwa akazungumza habari za huruma. Wa Kijaini alifagia njia yote hata alipofika, akakaa saa nzima bila kusema neno, kisha akauliza kama mkono unamuuma. Wa Kihindu hakuzunguka. Alimkumbusha mama yake amechomwa ghati gani, katika ngazi za mtoni wachomewapo maiti, na nani alimsomea. Tukoji akawaambia wote jibu moja, kwamba yeye anatafuta mlango, si rafiki, na waondoke kwenye vumbi.

Mtu mmoja tu hakumwomba kitu, naye ni Gauri binti mhunzi. Baba yake alikuwa amepofuka kwa moshi, na Gauri alikuwa ndiye anayenoa patasi za wachonga mawe wote, maana patasi katika jiwe jeusi haimalizi asubuhi, hurudi kalibuni, ikapigwa ncha upya. Kila jioni Tukoji alimpelekea furushi la patasi butu, na kila jioni akapokea maneno.

"Fundi, hizi umechongea au umezitafuna?" Gauri alisema siku ya ishirini.

"Noa. Sikukuuliza."

"Ninanoa. Ila chuma hakina kosa. Mwenye kosa yuko Shamsigiri amekaa juu ya zulia, nenda ukampige yeye."

Naye Tukoji alinung'unika njia nzima, na kesho yake akapiga taratibu zaidi, na patasi zikadumu hata alasiri.

Siku ya thelathini na tatu, jua likiwa utosini, patasi yake ikazama hata mkono ukaguswa na upepo baridi kutoka ndani ya jiwe, upepo wenye harufu ya mianzi mikavu. Vumbi lote la siku thelathini na tatu likainuka kutoka chini, likakusanyika, likawa umbo refu kama minara miwili, lenye macho kama cheche za tupa, na umbo likasema kwa sauti iliyotoka kwenye kuta zote kwa pamoja.

"Nani abishaye?"

Tukoji hasira ilimshika kabla ya hofu, kwa sababu vumbi lile alikuwa amelifagia asubuhi. "Tukoji, mchonga mawe. Wewe nani, na umekaaje ndani ya jiwe langu?"

"Jiwe lako," likasema umbo. "Na wewe pia wasema hivyo." Kisha likacheka, na kokoto zikaanguka. "Mimi ni Jalmudi, jini wa mawe meusi. Ingia, mwana wa Adamu, uone jiwe lako."

Tufe la mwanga likawaka kwenye kiganja cha jini, na tundu likapanuka kiasi cha mtu kupita kwa tumbo. Tukoji akajikuta katika chumba kirefu ambacho hakijapata kuonwa wala kusikiwa, hakina nguzo, hakina sanamu, hakina ua hata moja, lakini kuta zake zote zimesuguliwa hata zikawa kioo, naye akajiona ndani yake kila upande, mtu mweupe kwa vumbi, amesinyaa. Na neno lililosemwa mle halikufa upesi, bali lilizunguka na kurudi likiwa limepoa. Akazitazama alama za patasi pembeni mwa mlango, akajua kwa ufundi wake kwamba chuma kilichozikata kilikuwa laini kuliko chuma chochote alichokijua, na kwamba chumba kile kilikuwa kizee kuliko Buda na Shiva na watakatifu wote wa mlima ule. Na ukutani palikuwa na mstari mmoja wa maandishi, na jini akamsomea, nao ulikuwa jina la waliokichonga.

Akamwambia kwamba waliokichonga ni watu waitwao Waajivika, waliotembea na fimbo moja ya mwanzi, na walioamini kwamba kila jambo limekwisha kuandikwa na hakuna dua ya kulibadili, na walikuja Tinleni wakati hapakuwa na mtu, wakaomba mlima uwafiche na mvua. Kisha wakapungua, mwaka kwa mwaka, mpaka akabaki mzee mmoja, naye alipokuwa akifa alimfunga jini kwa ahadi, akae mle mpaka aje mtu wa kuulizia, amtumikie khidma moja, kisha awe huru.

"Wengi wamepita juu yangu wakichonga," akasema Jalmudi. "Wote walikuwa wanatafuta nafasi. Wewe wa kwanza kutafuta habari. Basi taka khidma yako, nami nakupa shauri bure: mimi naweza kutoa jiwe, siwezi kuliongeza. Nikitoa kidogo hapa na kidogo pale, ukutani patatokea mkuki wa Shiva wenye ncha tatu, mzee hata Sulemani mwenyewe asingeutilia shaka. Watu wako watapata mlima, na wewe utabaki na mkono."

 Tukoji alitambaa akatoka, akazifunga patasi zake, akashuka mpaka kwa mhunzi mapema kuliko siku zote.

Gauri alisikiliza yote huku akivukuta moto, na alipomaliza akauliza, Waajivika hao wako wapi sasa. Tukoji akasema hawako. Akauliza, basi ukisema kweli, wanaotoka mlimani ni nani.

"Wote," akasema Tukoji.

"Wote watatu. Siku ya mvua."

"Wote watatu."

Gauri akaitoa patasi motoni, akaitazama ncha yake, akairudisha. "Na ukisema uongo?"

"Wewe waniona mimi najua kusema uongo? Nitausema vibaya. Nitausema kwa kelele, na yule waziri ataunusa."

"Hilo si jibu la mtu mwema, ni jibu la mtu asiyeweza."

"Ndilo nililo nalo," akasema Tukoji, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Gauri, watu wale walingoja miaka elfu mtu awaulizie. Nikamchonge Shiva juu ya jina lao? Halafu kila nikiingia mle nijitazame ukutani?"

Gauri akanoa mpaka furushi likaisha, kisha akamwekea mikononi. "Basi sema yote," akasema. "Usiseme nusu halafu ukasirike uondoke, kama kawaida yako. Simama pale mpaka mwisho."

Kesho yake Tukoji akarudi kwa jini na akataja khidma yake, ambayo jini aliitafuta maana yake kwa muda kwa kuwa hakupata kuombwa kitu kidogo hivyo: afungue mlango kutoka nje mpaka chumbani, wenye ngazi, na upana wa kutosha Sultani aingie bila kuinama. Maana kwa mikono ya watu kazi ile ingetaka miezi mitatu, na siku zilizosalia ni sita. Jalmudi akanyoosha kidole, akaanzia juu kama wanavyoanza wachonga mawe, na jiwe likawa linatoweka mbele yake kama jasho juani, na saa ya alasiri mlango ulikuwa wazi. Jini akasimama katikati yake akaitazama nchi, mashamba na barabara na ng'ombe, akasema kwamba imekuwa ndogo. Kisha akawa upepo, akaenda zake, na hakuonekana tena upande ule.

Siku ya arobaini Sultani Bahramani akaja na waziri wake, na kadhi wake Zainulabidini, mzee mfupi aliyepanda punda wakati wengine wamepanda ndovu, na askari na watu wengi, na mawingu yalikuwa yamesimama upande wa magharibi kama ukuta. Wakaingia chumbani. Na kila mmoja alipojiona kwenye jiwe akashusha sauti, na Sultani akagusa kilemba chake. Tukoji akasoma mstari ule, akaeleza alama za chuma, akaeleza habari ya Waajivika na jini na ahadi, yote, hata shauri la mkuki hakulificha, na mzee wa Kihindu akafumba macho.

"Hao ndio waliotangulia," akamaliza Tukoji, "na hakuna aliyebaki."

Waziri akawa wa kwanza kusema, kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. "Maulana, sheria iko wazi. Mali isiyo na mrithi ni ya baitulmali. Mlima ni wako. Na kwa kuwa fundi hakutaja hata mmoja wa waliodai, hukumu ya mkono wake ipite, na hawa wafunge vibakuli vyao leo, maana kesho naleta ndovu."

Sultani akaomba muhuri. Wazee watatu hawakulia wala hawakubishana. Mzee wa Kijaini alianza kufagia njia ya kutokea.

Hapo Tukoji damu ikamchemka, akataka kuondoka, na mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha kugeuka. Akaurudisha. Akamtazama kadhi.

"Sheikh," akasema, "mimi si mtu wa chuo. Hiyo baitulmali ni mfuko wa nani?"

Waziri akasema ni mfuko wa Sultani, na nani amempa mchonga mawe ruhusa ya kuuliza. Lakini kadhi alikuwa amekwisha kuinua kidole.

"Ameniuliza mimi," akasema Zainulabidini. "Na jibu si hilo. Baitulmali ni amana. Sultani ni mshika ufunguo tu, na Mwenyezi Mungu atamwuliza ufunguo ule alifungulia nani. Imewekwa kwa ajili ya mafukara, na maskini, na wana wa njia ambao jua limewachwea ugenini. Ndovu sikuwasoma humo."

"Hawa si watu wa dini yako," akasema waziri.

"Ni raia wa Sultani, na dhima yake imewafunika tangu enzi za babu yake. Fukara wao ni fukara wetu." Kisha akawageukia wazee, na uso wake haukuwa na upole. "Lakini amana haipewi mwenye mali. Ninyi mliapa hamna kitu, kisha mkaja barazani mkaapa mna mlima. Kiapo kimoja ni cha uongo. Nitamwuliza kila mmoja, na atakayesema wake, atoke aende akautafute. Je, mlima huu ni wenu?"

Mzee wa Kijaini akaweka ufagio chini. "Si wetu," akasema, na ukuta ukalirudisha neno.

Wa Kibudha akasema vilevile, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeshikwa akiiba embe.

Wa Kihindu alikawia. Nyuma ya ukuta ule Shiva alikuwa akicheza, na babu wa babu yake ndiye aliyesimama miguuni pa mchongaji akamwelekeza kila kidole. Ngurumo ya kwanza ikasikika mbali. Akamtazama Tukoji, mtoto aliyempa jina, kisha akasema kwa shida, "Si wetu. Haukupata kuwa wetu." Akakaa chini sakafuni.

"Basi ni mafukara na wana wa njia," akasema kadhi, "na wakae mvua zote, kila mwaka, kwa idhini ya baitulmali, na wachote birikani kwa zamu nitakayoiandika mimi. Maulana, muhuri."

Sultani Bahramani akapima hukumu ile itakavyosimuliwa, na akaona itasimuliwa vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza. Akapiga muhuri, akamwambia Tukoji kwamba mkono wake ni wake, kwa kuwa aliulizwa ukweli na akauleta, na hakuna aliyemwambia auvike uso wa kupendeza. Akamfanya mkuu wa mafundi wote wa Shamsigiri, akampa kijiji cha kumlisha yeye na kizazi chake. Na waziri Fakhrulmuluki alipewa kazi ya kuwajengea ndovu mazizi yenye paa la nyasi, ayasimamie mwenyewe, juani.

Mvua ikanyesha kesho yake, kama wanajimu walivyosema, miezi minne, hata birika likafurika.

Tukoji akaposa kwa mhunzi kipofu, na mhunzi akasema amwulize mwenye nyundo. Gauri akasema atakubali kwa sharti moja, kwamba patasi ikikwama asiitupe. Tukoji akasema sharti hilo ni gumu. Gauri akasema ndiyo, ndiyo maana limekuwa moja tu. Wakaoana mvua ilipokatika, na watawa wa makundi yote wakaja kula, wa Kijaini wakaondoka mapema kabla jua halijazama, kama ilivyo desturi yao ya kutokula usiku, na Tukoji na Gauri wakapata watoto watano, wote wenye midomo.

Na kila mwaka, mawingu yakisimama magharibi, wazee watatu hushuka mpaka lango la Shamsigiri, wakaomba ruhusa ya kuingia katika mapango ambamo babu zao walizaliwa kiroho na kufa, na karani huwapa, nao huona uchungu kidogo, kisha huona wepesi. Chumba cha vioo hawakukipa mtu. Hufagiwa kwa zamu, na anayefagia huacha fimbo moja ya mwanzi imeegemea ukutani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa Tinleni. Naye mwenye kuitaka kweli na aitake kabla hajajua itamtoa nani nyumbani, maana akingoja kujua hatakuwa anataka kweli tena, atakuwa anataka nyumba.